Pimbi Ndiye Mwenyeji

Ukikutana na mzee wa Kisii njiani, jina lako si jambo la kwanza analolitaka. Atakuuliza wewe ni wa nani, kisha wa ukoo gani, na kabla hujamaliza kujibu ameshakuweka mahali pako: huyu ni ndugu, yule ni mtu tunayeweza kuoana naye. Tena koo zetu zina wanyama wao. Wapo wa chui, wapo wa punda milia, wapo wa kiboko, na kila mmoja amefunzwa kumheshimu mnyama wake. Sasa, wajukuu zangu, leo nataka tuwageuzie wanyama hao swali lile lile. Chui, wewe ni wa nani? Punda milia, wazee wako walifika hapa lini? Nawaonya mapema kwamba majibu yatawakera baadhi yenu.

Wanyama hawawezi kutusimulia nasaba zao, kwa hiyo shahidi wetu ni mifupa. Mnyama akifia porini, fisi, jua na mvua humaliza kila kitu. Lakini mara mojamoja mzoga hufunikwa upesi na tope au majivu ya volkano. Maji yanayopita ardhini hupenya ndani ya mfupa na kuacha madini humo, na baada ya muda mrefu mno mfupa huwa jiwe, umbo lake likibaki vile vile. Jiwe hilo huitwa kisukuku. Mtaalamu akiokota jino moja tu la kisukuku hutambua kama mwenyewe alikula majani au nyama, na mara nyingi hutambua na ukoo wake, kwa maana kila ukoo una namna yake ya meno.

Msikimbilie majembe bado. Hapa kwetu juu, kuanzia Keroka hadi Ogembo, kuanzia Nyamira mjini hadi Nyamarambe, mtachimba mpaka mikono iote sugu na hamtapata kisukuku cha mnyama. Sababu ya kwanza ni umri wa miamba yetu. Ule ukuta wa mawe wa Manga, na lile jiwe laini la Tabaka linalochongwa vinyago na sahani, ni vitu vya kale kupita kiasi, zaidi ya miaka bilioni moja. Mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha watoto wao, walianza kuonekana duniani kama miaka milioni 200 iliyopita. Miamba ya Manga ilikuwa tayari imezeeka wakati mamalia wa kwanza anazaliwa. Kumtafuta tembo ndani yake ni kumtafuta mjukuu katika harusi ya babu.

Sababu ya pili mnaikanyaga kila siku mkienda shuleni, nayo ni udongo. Mvua yetu ni nyingi, na mvua nyingi huosha chokaa yote ikabaki ardhi nyekundu yenye asidi. Mchai unaipenda sana asidi hiyo, ndiyo maana Nyamira imejaa majani chai. Mfupa hauipendi hata kidogo. Jaribuni wenyewe nyumbani: chukueni mfupa wa paja la kuku, muuoshe, muutumbukize katika siki na kuuacha siku kadhaa. Mtautoa ukiwa laini, unapindika bila kuvunjika, kwa kuwa asidi imekula ile sehemu yake iliyokuwa ngumu. Sasa fikirini mfupa uliolala chini ya shamba la chai kwa miaka elfu nyingi.

Tuteremke basi. Shikeni barabara ya Rongo, mwendelee kuelekea ziwani mpaka Karungu, kwenye ghuba iliyo karibu na mji wa Sori, kaunti ya Migori. Huko joto linauma, mvua ni haba, na makorongo yameikata ardhi hata matabaka yake ya kijivu na mekundu yanaonekana waziwazi. Miaka kama milioni 17 au 18 iliyopita ziwa halikuwepo. Ndiyo, Nam Lolwe yote, yaani Ziwa Viktoria, maji yote yale, hayakuwepo. Ziwa hili ni changa sana. Palikuwa na mito, vijito na misitu, na kaskazini yake volkano kubwa iitwayo Kisingiri, ambayo masalio yake ni vilima vya Gwasi mnavyoviona leo. Kisingiri ilikuwa volkano ya ajabu: majivu yake yalijaa chokaa. Mlishajua chokaa inafanya nini. Inaizuia asidi. Majivu yalishuka, yakafunika mizoga, magamba ya konokono, hata mbegu na matunda, yakayatunza. Kwa hiyo mahali kama Karungu na kisiwa cha Rusinga pana hazina ambayo sisi wa juu, pamoja na rutuba yetu yote ya migomba na chai, hatuwezi kuwa nayo.

Wazungu walizijuaje habari hizi? Bila shaka wenyeji wa pwani ya ziwa walikuwa wakiyaona mawe yale yenye sura ya mifupa kabla ya mgeni yeyote kufika, ila hawakuandika. Walioandika walikuja na serikali ya kikoloni. Kumbukeni zama zenyewe: Januari 1908 Otenyo wa kwetu alimchoma mkuki Northcote, afisa wa Waingereza kule Kisii. Miaka michache baada ya hapo, afisa mwingine aitwaye D. B. Pigott alikusanya visukuku Karungu. Inasimuliwa kwamba mamba wa ziwani alimuua. Mifupa yenyewe ilisalimika. C. W. Hobley, mkubwa wa jimbo, aliipeleka London, na mwaka 1911 mtaalamu wa makumbusho ya huko, C. W. Andrews, akatangaza kwamba humo mna jamaa wa tembo ambaye hajawahi kuelezwa. Akampa jina la Hobley: Dinotherium hobleyi.

Mnyama huyo anastahili kutazamwa vizuri. Alikuwa na mkonga, lakini pembe zake hazikutoka juu kama za tembo. Zilitoka katika taya la chini, zikapinda kuelekea ardhini na kurudi nyuma, kwenye kifua chake. Watu wameulizana miaka mingi alizitumia kwa kazi gani, kama ni kuvuta matawi au kubandua magome, na kila mmoja ana jibu lake.

Andrews hakutosheka. Mwaka ule ule wa 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa Karungu kutafuta zaidi. Kichwa cha kitabu alichokitoa mwaka 1915 kinataja mambo mawili, upweke na ugonjwa wa malale, kwani malale wakati huo yalikuwa yameumaliza ufuko wa ziwa. Upweke wake nauchukulia kwa tahadhari kidogo, mizigo haikujibeba. Lakini kazi aliifanya. Aliokota kobe, mamba, kasa wa maji baridi, vipande vya Dinotherium, na mnyama wa mtoni aliyefanana na nguruwe mkubwa. Kisha akapanda huku kwetu akiichunguza miamba, na mwaka 1914 akachapisha maelezo ya nchi yote iliyo kati ya ziwa na nyanda za juu za Kisii. Yaani katika orodha ya maandiko ya kwanza ya sayansi ya visukuku Afrika Mashariki, jina la Kisii limo.

Haya, turudi kwenye koo.

Kabla ya wakati wa Karungu, Afrika ilikuwa kisiwa. Bahari iliizunguka pande zote, ikaitenga na Asia na Ulaya kwa mamilioni ya miaka. Bara likitengwa hivyo, wanyama wake huendelea kivyao. Wazaliwa halisi wa kisiwa hicho cha Afrika ni ukoo mmoja wenye watu wasiofanana: tembo, nguva wa baharini, muhanga anayechimbua mchwa usiku, sange mwenye pua ndefu, na pimbi. Pimbi! Yule mdogo wa kwenye mapango na miti, asiye na mkia, anayepiga kelele usiku mpaka mgeni akadhani kuna mtu ananyongwa. Yeye na tembo ni ndugu. Hili si fumbo. Mifupa inasema hivyo, na damu inasema hivyo pia.

Zamani pimbi hakuwa mdogo. Kule Fayum, Misri, alikochimba Andrews yule yule kabla ya kuletewa mifupa ya Karungu, kumepatikana pimbi wa kila kimo, na mmoja wao, Titanohyrax, alikaribia kifaru kwa ukubwa. Walikula majani walivyotaka, maana swala na ng'ombe hawakuwa wamefika Afrika. Pimbi ndiye aliyekuwa ng'ombe wa wakati huo. Hata Rusinga na Karungu walikuwepo bado pimbi wakubwa kuliko hawa tunaowajua.

Kisha, kati ya miaka kama milioni 25 na 20 iliyopita, Afrika ilisogea kaskazini ikakutana na Asia pale Uarabuni. Njia ikafunguka. Wakaingia vifaru, wakaingia wazee wa swala, wakaingia wa ukoo wa paka. Aliingia hata mnyama aitwaye kalikotheri, ndugu wa mbali wa farasi, mwenye kichwa cha farasi lakini miguu yenye kucha ndefu badala ya kwato, akisimama akivuta matawi. Visukuku vyake viko Rusinga. Tembo naye akatoka kwenda kuzunguka dunia, na wajukuu zake wakafika mpaka Amerika.

Mnaona sasa kwa nini niliwaonya. Ninyi wa punda milia, mnyama wenu hakuwepo Karungu. Ukoo wa farasi ulizaliwa Amerika Kaskazini, na wa kwanza wao, wenye vidole vitatu mguuni, walifika Afrika kama miaka milioni 10 iliyopita. Punda milia mwenyewe ni wa juzi tu. Ninyi wa chui, wenu pia hakuwepo, na paka wa kwanza wanajulikana kutoka Ulaya. Wa kiboko mna nusu ya ushindi: yule mnyama wa mtoni aliyeokotwa na Oswald anahesabiwa katika kundi ambalo kiboko alitokana nalo, na ingawa kundi hilo lilitoka Asia mapema sana, kiboko mwenyewe alizaliwa Afrika. Mwenyeji asiye na shaka ni pimbi, na sijawahi kusikia ukoo uliojivunia pimbi.

Lipo bara jingine lililoishi hivyo, nalo ni Amerika Kusini. Lilikaa kisiwa muda mrefu kuliko Afrika, mpaka kama miaka milioni 3 iliyopita, ilipoinuka nchi kavu ya Panama na kuliunganisha na Amerika Kaskazini. Ndani ya kisiwa hicho walitokea wanyama ambao ukiwaelezea watu hudhani umelewa. Alikuwepo slothi wa ardhini, uzito wake sawa na tembo, aliyejiegemeza kwenye mkia wake kufikia majani. Mwaka 1787 mifupa yake ilipatikana kando ya mto Luján, karibu na Buenos Aires, ikapelekwa Madrid. Mfalme wa Uhispania aliipenda hata akaagiza atafutiwe mmoja aliye hai, hata kama ni mdogo. Hakuna aliyemwambia kwamba mnyama huyo ameshakwisha, kwa sababu hakuna aliyejua. Mwaka 1796 Mfaransa Georges Cuvier alimpa jina Megatherium kwa kutazama michoro tu.

Naye Charles Darwin, akiwa kijana, alichimba mifupa kama hiyo Punta Alta, Argentina, mwaka 1832. Mwaka uliofuata, katika shamba moja Uruguay, alinunua fuvu la mnyama aitwaye Toxodon kwa peni 18. Fuvu lilikuwa zima lilipotolewa mtoni, lakini wavulana wa pale waliling'oa meno kwa mawe, kisha wakalisimamisha wakafanya shabaha. Siwalaumu. Mngekuwa ninyi mngefanya hivyo hivyo. Toxodon ana mwili wa kifaru na meno yanayokua bila kukoma kama ya panya, na Darwin alishindwa kumpa ukoo. Waliomfuata walishindwa pia, mpaka mwaka 2015 mabaki ya protini ndani ya mifupa yalipoonyesha kwamba ni jamaa wa mbali wa farasi na kifaru.

Sasa sikilizeni kinachonifurahisha mimi kuliko Dinotherium na Megatherium wakiwekwa pamoja. Kati ya mifupa ya Karungu kulikuwa na taya dogo la mnyama mtafunaji, ambaye Andrews mwaka 1914 alimwita Paraphiomys pigotti. Ni jina la marehemu Pigott, yule ambaye inasimuliwa kwamba mamba alimpata. Mtafunaji huyo ni jamaa wa ndezi, mnyama mnene wa kwenye mafunjo na mashamba ya miwa, ambaye wengi huona nyama yake ni tamu kuliko ya kuku. Na ukoo huo mpana wa kina ndezi una ndugu Amerika Kusini: kapibara, mtafunaji mkubwa kuliko wote duniani leo, na simbilisi, yule mdogo asiye na mkia anayefugwa ndani ya boksi. Walifikaje, na Amerika Kusini ilikuwa kisiwa?

Walivuka bahari. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, Bahari ya Atlantiki ilikuwa nyembamba kuliko sasa. Mito mikubwa ya Afrika ikifurika hung'oa kingo zake, miti na nyasi zikishikana kwa mizizi, na vipande hivyo huelea mpaka baharini. Waliokuwa juu yake husafiri bila kutaka. Wengi walikufa. Wachache walitua upande wa pili, wakazaana. Tumbili wa Amerika wote wana asili hiyo hiyo. Meno yaliyochimbwa Peru na kuelezwa mwaka 2015 yanafanana na ya tumbili wa kale wa Afrika kuliko ya mtu yeyote wa jirani. Kwa hiyo tumbili anayening'inia kwa mkia msituni Brazil ni mhamiaji kutoka kwetu, na taya la Pigott ni la ndugu mmoja wa kapibara na simbilisi aliyebaki nyumbani.

Argentina nayo ilikuwa na watu wake wa mifupa, na mimi nawapenda kwa sababu hawakungoja mtu wa London. Ni ndugu wawili, Florentino na Carlos Ameghino. Carlos ndiye aliyetembea. Kuanzia mwaka 1887 alizunguka Patagonia, nchi ya upepo na baridi, akirudi na masanduku ya visukuku. Florentino alikaa akivieleza na kuvipa majina, huku akiuza vitabu na karatasi dukani ili safari za mdogo wake zipate fedha. Alieleza mamia ya wanyama. Alidai pia kwamba mamalia wengi, hata binadamu, walianzia Argentina, kwa kuwa aliikadiria miamba yake kuwa ya kale kuliko ilivyo. Alikosea, lakini alikosea akiwa kwao, kwa pesa yake. Alifariki Agosti 1911, mwaka ule ule Oswald alipotumwa Karungu.

Kwetu kazi ya wenyeji ilichelewa kuandikwa. Tazameni majina: tembo wa Hobley, mtafunaji wa Pigott, na nyani mkubwa wa Kanjera aliyepewa jina la Oswald mwaka 1916. Mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la sokwe wa kale, likajulikana dunia nzima. Miongoni mwa waliochimba miaka hiyo alikuwa Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Louis Leakey, mume wa Mary, tangu ujana wao, mwenye jicho ambalo mabwana walilitegemea. Ni mwaka 1993 ndipo sokwe mmoja wa Rusinga alipopewa jina lake. Leo anaitwa Ekembo heseloni.

Na upande wa kaskazini wa Nyamira, ukishuka kuelekea Muhoroni, kuna Daraja la Meswa. Pale, kati ya mwaka 1978 na 1981, lilichimbwa taya la mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote aliye hai, likawekwa kwenye droo katika makumbusho ya Nairobi. Likakaa humo miongo mitatu. Mtafiti mmoja, Matthew Borths, alifungua droo akitafuta kitu kingine. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens walimtangaza kwa jina ambalo halihitaji mkalimani: Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba, wala wa ukoo wa paka. Alikuwa wa ukoo mwingine wa wala nyama uliotawala Afrika zama zile, ukatoweka wote bila kuacha hata mtoto mmoja. Pimbi aliwaona wakija akawaona wakiondoka.

Mkishuka kule Karungu, Koru au Fort Ternan, mkaona jiwe lenye sura ya mfupa, msilitoe. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi, ya mwaka 2006, haimruhusu mtu kuchimba wala kuhamisha kisukuku bila kibali, nayo inataka aliyekiona atoe taarifa. Pia kisukuku kikitolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari, maana umri wake unasomwa kwenye tabaka lililokishika. Wekeni alama, pigeni picha, mwambieni mwalimu awapigie Makumbusho ya Taifa. Wachimbaji wana njia moja ya haraka ya kutofautisha mfupa na jiwe la kawaida: huligusa kwa ncha ya ulimi, na mfupa wa kale hunata kidogo kwa sababu ya vitundu vyake. Ni njia nzuri. Ila angalieni kwanza kama mbuzi hawajapita hapo.